Vifo vya pumu: wenzetu mstari umeshuka, sisi hata mstari hatuna

Mwana wa Mtoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite salama, mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani naomba avute kiti.

Masika iliyopita mdogo wangu alifariki Mbagala. Fundi aluminiamu, miaka 31, pumu anayo tangu tukiwa wadogo. Saa tisa usiku jirani alimsikia anahangaika chumbani, ikatafutwa bajaji, mtaa wote umejaa maji, walipofika kwenye lami alikuwa ametulia. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Kwenye kibali cha mazishi, palipoulizwa sababu, mzee mmoja wa ukoo alisema "presha", ikaandikwa presha. Sikubisha. Siku ile nani ana nguvu ya kubisha.

Wiki mbili baadaye nikaenda kutoa vitu ili mwenye nyumba apate chumba chake. Nikaanza kuokota pampu za bluu, zile za kuvuta ukibanwa. Chini ya godoro, kwenye begi la kazi, juu ya dirisha, moja ndani ya kiatu. Kumi na nne. Ya kahawia ilikuwepo moja tu, ndani ya boksi lake, haijafunguliwa.

Mimi ni mhasibu, namba hazinitishi, na usingizi ulikuwa hauji. Nikaanza kusoma takwimu za vifo vya pumu nchi kwa nchi. Nawawekea nilichokiona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa nayo, wengi wao kwenye nchi za kipato cha chini na kile kinachofuatia. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni umbo la mstari kwa wenzetu. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa nchi 46, nyingi zikiwa tajiri. Kwa watu wa miaka 5 hadi 34, vifo vilishuka kutoka 0.44 kwa kila watu 100,000 mwaka 1993 hadi 0.19 mwaka 2006. Zaidi ya nusu imefutika ndani ya miaka 13! Kuanzia hapo hadi 2012 mstari ukalala, haushuki tena.

Kwa nini miaka 5 hadi 34? Nami nilijiuliza. Mtoto mchanga anayebanwa kifua anaweza kuwa na kitu kingine kabisa. Kwa wazee, cheti cha kifo kinachanganya pumu na mapafu ya mvutaji sigara, au na moyo. Ila kijana wa miaka 20 akifa na daktari akaandika pumu, mara nyingi ni pumu kweli. Kwa hiyo wataalamu wanaliamini kundi hilo kuliko mengine. Mdogo wangu alikuwa na 31, yumo humo humo.

Sasa nini kilishusha? Pumu ni njia za hewa kuvimba, na uvimbe haupo siku ya kubanwa tu, upo hata siku unacheza mpira. Pampu ya bluu (salbutamoli) inalegeza misuli iliyobana, ndani ya dakika chache unapumua, baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Ya kahawia (steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni) inapunguza uvimbe wenyewe, polepole, kila siku, na huisikii ikifanya kazi. Chukulia bati linalovuja. Bluu ni ndoo ya kukingia, kahawia ni kupanda juu kuziba tundu. Sisi tunanunua ndoo.

Kule Canada, jimbo la Saskatchewan, walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa, matokeo yakatoka mwaka 2000: kwa kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia ndani ya mwaka, uwezekano wa kufa kwa pumu ulishuka kwa asilimia 21. Kopo moja!

Uingereza nao mwaka 2014 walitoa ripoti ya vifo 195 vilivyochambuliwa kimoja kimoja. Kati ya marehemu ambao idadi ya pampu zao za bluu ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 ndani ya mwaka wao wa mwisho. Asilimia 4 walizidi 50. Na asilimia 45 ya wote walikufa bila kuomba msaada, au msaada haukuwahi.

Kopo moja lina mipulizo 200. Makopo 12 ni mipulizo 2,400, karibu saba kila siku iendayo kwa Mungu. Niliposoma hapo nilizima simu nikatoka nje.

Kinachoniuma ni kwamba wao wameweza kuuliza "huyu alikufaje" kwa sababu kila marehemu ana karatasi yenye jibu la daktari. Wa kwetu ni presha. Hayumo kwenye mstari wowote.

Kidume cha Tandika

Pole sana mkuu. Umeshusha nondo. Naweka kambi hapa.

Mama Zuhura

Pole kaka, Mungu amlaze pema. Mie nina mtoto wa miaka tisa mwenye pumu. Kwetu bibi alikuwa akisema pampu ndiyo inayoua, ukishaianza moyo unaizoea, siku ukiikosa unakwenda. Mpaka leo nampulizia mwanangu kwa kujificha, mama mkwe asinione. Sasa na wewe unasema waliovuta nyingi ndio waliokufa. Si yale yale ya bibi?

Mwana wa Mtoni

Dada, usimcheke bibi. Nilidhani ni maneno ya barazani tu, nikakuta yana historia.

Miaka ya 1960, England na Wales, kulikuwa na pampu za isoprenalini, unanunua dukani bila cheti cha daktari. Kati ya 1959 na 1966 vifo vya pumu kwa watoto wa miaka 10 hadi 14 viliongezeka karibu mara nane. Baadaye ikaonekana nchi zilizoathirika sana ni zile zilizouza aina kali, ambayo mpulizo mmoja ulibeba dozi mara tano ya kawaida. Madaktari wakaonywa, mwaka 1968 ikaanza kuuzwa kwa cheti, vifo vikateremka.

New Zealand ikarudia. Mwaka 1976 ikaingia dawa nyingine, fenoteroli, na vifo vya vijana vikapanda ghafla kuanzia mwaka huo huo. Watafiti wa Wellington walichapisha ushahidi wao mwaka 1989, wakapigwa vita kwelikweli, lakini serikali ikaibana dawa na vifo vikapungua kwa takriban nusu ndani ya muda mfupi. Kuna wanaosema dawa iliumiza moyo, kuna wanaosema ilimpa mgonjwa nafuu ya uongo akachelewa hospitali. Mimi naona hata ya pili peke yake inatosha kuua.

Ila hizo mbili si salbutamoli ya leo. Pampu nyingi za bluu ni dalili tu, hatari yenyewe ni ule uvimbe ambao hakuna anayeutibu. Usimwache mtoto bila pampu, tafadhali.

Jogoo la Shamba

Mayai ya kware jamani. Mbona mmesahau mayai ya kware? Mwaka 2014 yalikuwa yanatibu kila kitu mpaka madeni.

Kidume cha Tandika

😂😂 Shangazi yangu alifuga kware sabini. Pumu ipo, kware hawapo.

Dawa Baridi

Mimi niko upande wa pili wa kaunta, Manzese, miaka kumi na moja sasa. Acheni niseme.

Mteja anaingia saa nne usiku, mabega juu, sentensi haimaliziki. Nimwambie akalete cheti? Nampa bluu, anavuta hapo hapo mlangoni, analipa, anashukuru, anaondoka. Kahawia nikiagiza inakaa kwenye rafu mpaka inaisha muda. Bei yake imezidi, na siku ya kwanza mtu akivuta hasikii kitu, kesho anarudi kunigombeza kwamba nimemuuzia hewa. Na wapo wanaoogopa neno steroidi, wanadhani watavimba uso kama wanaotumia vidonge muda mrefu. Msitubebeshe maiti.

Mwana wa Mtoni

Mkuu, sikubebeshi. Hata mimi nilikuwa namnunulia marehemu bluu kila nikipita famasi, najiona kaka mwema.

Ila nikupe ya Finland. Walikuwa na mpango wa taifa wa pumu, 1994 hadi 2004. Hawakugundua dawa yoyote mpya. Walikazania kumgundua mgonjwa mapema na kumwanzishia steroidi ya kuvuta mapema, wakafundisha manesi, na wakafundisha watu wa kaunta kama wewe. Wagonjwa waliongezeka, maana wanagunduliwa wengi, lakini siku za kulala hospitali zilipungua kwa zaidi ya nusu na vifo vikashuka. Mtu wa kaunta ndiye pekee anayejua nani amerudi mara ya pili mwezi huu. Daktari hajui.

Dawa Baridi

Hapo umenishika. Nimekaa nikawahesabu kichwani, ninao wanne wa hivyo. Mmoja ni konda wa daladala, anachukua moja kila baada ya siku kama kumi na mbili. Sijawahi kumuuliza chochote zaidi ya "una chenji?"

Mwana wa Mtoni

Mipulizo 16 au 17 kwa siku. Mkuu, muulize.

Ngosha wa Buza

Mleta uzi, pole kwa msiba, ila tusidanganyane. Takwimu za Finland na Canada ni za watu wenye hewa safi na bima. Hapa Dar pumu yetu ni mkaa, moshi wa magari, vumbi, watu wanachoma taka uani, dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Ukimpa kahawia halafu ukamrudisha kwenye moshi umefanya nini? Serikali imeshasema nishati safi ya kupikia ifikie asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034, mkakati umezinduliwa 2024. Hiyo ndiyo dawa. Mengine ni biashara ya makopo.

Sista Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya tangu jana, sasa nimetoka zamu. Nitaongea kama nesi, mnivumilie.

Ngosha, moshi una kesi yake na kesi ni kubwa. Mama aliyepikia kuni na mkaa miaka thelathini, anakohoa kila asubuhi, akipanda ngazi anasimama mara tatu, mara nyingi huyo hana pumu. Ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ule wa wavuta sigara, wakati yeye sigara hajaishika maishani. Mwaka 2021 ugonjwa huo uliua watu takriban milioni 3.5 duniani, ukawa wa nne kwa kuua. Kwetu anapimwa makohozi ya TB, yakitoka safi anapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa jikoni. Kwa hiyo mkaa uondoke, nakubaliana na wewe.

Ila usiseme kahawia haina maana palipo na moshi. Moshi unawasha njia ambazo tayari zimevimba. Ukizituliza, moshi ule ule unamkuta mtu tofauti. Ukisubiri mpaka 2034, konda wa Dawa Baridi hafiki.

Sasa wewe mleta uzi, nakukosoa mawili.

Moja, umehesabu makopo 14 ukayalinganisha na ya Uingereza ya mwaka mmoja. Una uhakika ni ya mwaka mmoja? Watu wanatunza makopo matupu hata miaka mitano. Angalia tarehe.

Pili, umeandika kwa namna ambayo mtu ataiogopa bluu. Siku ya kubanwa, bluu ndiyo inayokuvusha. Wakati mnaelekea hospitali, mpulizieni mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, na mnaweza kurudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Tumieni chombo cha kati (spacer), kile kinachokaa kati ya pampu na mdomo wa mgonjwa. Kama hamna, chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa kitako tundu la kukaa mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi hewa isitoke, mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa. Cape Town waliijaribu kwa watoto, matokeo yakachapishwa 1999, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya dukani. Kikombe cha plastiki laini kilishindwa.

Na mjue hili. Mgonjwa akiwa na mluzi kifuani, hewa bado inapita. Mluzi ukikata ghafla huku bado anahangaika, au akachoka akatulia, msiseme amepata nafuu. Hapo ndipo hewa haipiti tena.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wanaouita GINA, haushauri tena kijana au mtu mzima kutibiwa kwa bluu peke yake. Miaka hamsini tuliwafundisha watu bluu, leo tunawaambia hapana. Nawaelewa wanaochanganyikiwa. Kuna pampu moja yenye vyote viwili, budesonidi na formoteroli, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Kuipata na kuimudu huku kwetu ni habari nyingine, sitaki kuianza usiku wa manane.

Mwana wa Mtoni

Sista, hapo kwenye kutulia umenimaliza. Jirani alituambia "alipofika kwenye lami akatulia, tukashukuru Mungu".

Sista Zamu ya Usiku

Pole kaka. Hawakujua. Wengi hawajui.

Mzee wa Dodoso

Vijana, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa.

Nimeona mleta uzi analalamika kwamba sisi hatuna mstari. Niwakumbushe. Miaka ya 1990 wizara ilikuwa na mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotembea nyumba kwa nyumba. Msiba ukishapoa kidogo unakwenda, unavua viatu, unatoa pole, halafu unauliza dodoso. Marehemu alikuwa anakohoa? Kwa muda gani? Alikuwa anabanwa pumzi usiku? Kifua kilikuwa kinapiga mluzi? Miguu ilivimba? Majibu wanapelekewa madaktari, wanayasoma, wanaandika sababu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele Afrika kwa kazi hiyo, na baadaye Ifakara na Rufiji yakaendelea mambo ya namna hiyo.

Nimekaa kwenye mikeka ya watu wengi. Neno "presha" nimeliandika mara nyingi sana kama jibu la kwanza la ndugu. Pia "alikula kitu kibaya", "alianguka tu", na "kuna mtu". Ukiuliza swali la nne na la tano ndipo mke au dada, siyo mzee wa ukoo, anasema: kwani si alikuwa na pumu? Anayejua ni aliyekuwa analala naye chumba kimoja.

Leo watu wengi wanafuata cheti cha kifo pale tu mirathi inapogombewa. Fundi wa chumba kimoja hana mirathi ya kugombewa, basi hana cheti.

Kidume cha Tandika

Mzee shikamoo. Huyu mzee aandike uzi wake.

Ngosha wa Buza

Sista nimekuelewa. Mkaa bado siusamehi.

Swali Tu

Samahani, halihusiani sana. Mleta uzi umesema masika. Mvua na pumu wapi na wapi? Mimi hubanwa mvua zikianza.

Sista Zamu ya Usiku

Linahusiana. Mvua zikianza watu wanajifungia ndani, mafua yanazunguka, kuta zinaota ukungu, na mafua ndiyo kichokozi kikubwa kuliko vyote. Kuna na mvua za radi. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba moja ya jioni ilisambaza chavua ya nyasi, maelfu wakakimbilia hospitali, vifo kumi vikahusishwa nayo. Wengine hawakuwahi kuambiwa kabla kwamba wana pumu. Wewe ukijua msimu wako, anza kuwa makini na kahawia wiki kadhaa kabla, usisubiri tone la kwanza.

Mwana wa Mtoni

Nimerudi. Jana nilifungua ule mfuko tena, nikasoma tarehe kama Sista alivyoniambia. Maandishi madogo, nilitumia kamera ya simu kukuza.

Yeye alikuwa sahihi. Makopo matano ni ya zamani, moja lilikuwa la tangu marehemu hajahamia Mbagala. Tisa ndiyo yenye tarehe za mwaka wake wa mwisho. Tisa mara 200 ni 1,800, gawa kwa siku 365, unapata mitano kwa siku kasoro kidogo. Nasahihisha hesabu yangu ya mwanzo. Haikufika 12. Na huenda mengine aliyatupa kazini, sitajua.

Ile ya kahawia ilikuwa na karatasi ndani. Zahanati iliyompa, siitaji, ilikuwa imeandika kwa kalamu juu ya boksi: "1x2". Basi. Hakuna aliyemwambia ni ya kila siku hata akiwa mzima. Alisubiri abanwe ndipo aitumie, na alipobanwa alishika ile anayoijua.

Nimekwenda pia serikali ya mtaa kuuliza kama naweza kubadilisha ile "presha". Kijana wa pale ni mstaarabu, akaniuliza nataka kubadilisha ili iweje. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia ili iwe kweli. Ameniambia nirudi Jumanne.

Dawa Baridi

Konda amekuja leo. Nimemuuliza. Alidhani nataka kumpandishia bei, akanuna, halafu akakaa kwenye benchi nusu saa ananieleza. Haijawahi kupita wiki akalala usiku mzima. Miaka sita. Nimemwelekeza hospitali ya wilaya na nimemwandikia kwenye karatasi idadi ya pampu nilizomuuzia, ampe daktari aione.

Mama Zuhura

Na mie nimemaliza ubishi na mama mkwe. Nimemsomea maneno ya Mzee wa Dodoso, akanyamaza, akasema hata baba yake walimwandikia presha.

Tumetoka kituo cha afya, mtoto ameandikiwa kahawia, asubuhi miwili na jioni miwili. Hii haina namba ya kuhesabu ubavuni, nitajuaje imeisha? Jirani ananiambia niitumbukize kwenye maji, ikielea imekwisha.

Sista Zamu ya Usiku

Usiitumbukize, hiyo njia inadanganya na inaharibu kopo. Hata kuitikisa kunadanganya, inaendelea kutoa upepo wakati dawa imeshaisha. Hesabu. Imeandikwa mipulizo 200, minne kwa siku, itakutosha siku 50. Andika tarehe ya kuanza juu ya kopo.

Mama Zuhura

Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango, mtoto anafuta mwenyewe kila akivuta. Tumeanza 200, sasa hivi 196. Na akimaliza asukutue kwa maji ya chumvi au ya kawaida?

Sista Zamu ya Usiku

Ya kawaida tu, ateme.